Miguu Inapokataa Kulala

Je, msomaji, umewahi kujinyoosha kitandani baada ya kazi za kutwa, na punde miguu ikaanza kusisimka ndani kwa ndani, kana kwamba sisimizi wanatambaa kwenye mifupa? Si maumivu hasa, wala si ganzi. Ni hamu tu ya kuisogeza. Ukiinuka ukatembea, hutulia. Ukirudi kulala, huanza upya.

Haya ni maradhi, tena ya kale. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika juu yake mwaka 1672, na mwaka 1945 Karl-Axel Ekbom wa Uswidi akayaeleza kwa kina na kuyaita miguu isiyotulia.

Yako ya aina mbili. Aina ya kwanza mara nyingi hurithiwa: mama anayo, bintiye anayo, nayo huanza ujanani na kuzidi polepole. Ya pili huletwa na jambo jingine mwilini: upungufu wa madini ya chuma, figo zilizoshindwa kazi, kisukari kilichoharibu neva, au mimba, hasa miezi mitatu ya mwisho.

Hii ya mimba niliiona katika kijiji kimoja karibu na Garsen, Tana River, nilipomtembelea binamu yangu aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Kila usiku alitoka ndani ya chandarua akazunguka uani. Bibi akamfunga miguu kwa leso. Jirani akanong'ona habari za majini. Mwenye duka akamwuzia vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, na usiku huo alitembea hadi alfajiri. Usicheke! Baadhi ya dawa za mafua, na hata za kuzuia kutapika, huzidisha hali hii. Na kando ya Tana usiku si mahali pa mja mzito kutembeatembea, kwani viboko nao hutoka mtoni kuja kula mashambani.

Alipopimwa damu kliniki, ilikuwa kidogo. Ubongo huhitaji chuma ili kutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa viungo. Huku bondeni malaria, safura na kichocho hupunguza damu, mimba nayo hudai fungu lake, kisha sisi hushushia chakula kwa strungi, chai ambayo huzuia chuma cha mboga kisiingie mwilini! Majani ya kunde yapo, ndimu na maembe yapo. Chai ingoje kama saa moja hivi.

Alipewa vidonge vya chuma, na majuma machache baada ya kujifungua miguu ikatulia, kama iwavyo kwa wengi.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wakazi wa kaskazini mwa Tanzania ulikuta wagonjwa wachache mno, ilhali Ulaya na Marekani hukadiriwa kuwa 5 hadi 10 katika kila watu wazima 100. Huenda kweli tuna nafuu. Lakini binamu yangu hakutaja miguu kliniki mpaka alipoulizwa kama analala vyema.

Ukienda kwa daktari, sema. Uliza pia kipimo cha ferritini, yaani akiba ya chuma, kwa sababu damu yaweza kuonekana ya kutosha hali akiba imekwisha. Vidonge usijinunulie ovyo; chuma kikizidi hudhuru ini.