Kimo cha Kupandia Cyclone

Ukishuka Stillwell Avenue, kituo cha mwisho cha treni za D, F, N na Q, unasikia harufu ya bahari kabla hujaiona. Imechanganyika na mafuta ya kukaangia na vitunguu vya mkahawa wa Nathan's, uliopo hapo tangu 1916. Hii ni Coney Island, pwani ya kusini ya Brooklyn, New York, ambako watu wa jiji wamekuwa wakija kujirusha, kuzungushwa na kutishwa kwa fedha zao wenyewe kwa zaidi ya karne moja. Mchana wa Jumamosi ya Julai njia imejaa: bibi wa Kirusi na viti vyao vya kukunja, vijana wa Kidominika na redio zao, akina mama wanaosukuma vigari vya watoto huku wamebeba mipira na taulo begani.

Fuata Surf Avenue kuelekea mashariki hadi West 10th Street. Hapo utaanza kusikia Cyclone, rola kosta, yaani treni ya burudani inayopanda na kuporomoka kwenye milima ya reli. Kwanza mnyororo unaokwangua chuma ukivuta mabehewa juu. Kisha kimya kifupi kule kileleni. Kisha mbao zote zinanguruma kwa pamoja na watu ishirini na wanne wanapiga ukelele mmoja.

Cyclone ilifunguliwa tarehe 26 Juni 1927, kazi ya mhandisi Vernon Keenan. Nguzo zake ni za chuma, lakini reli imelazwa juu ya mbao, na mbao ndizo zinazoipa tabia yake. Kilele cha kwanza kina mita 26, na mteremko wake umesimama karibu nyuzi 60. Mwendo unafika kilomita 97 kwa saa, na safari nzima haimalizi dakika mbili. Breki zake bado zinavutwa kwa mikono, na mwendeshaji husimama mbele ya mitaimbo mirefu akiitegea treni inaporudi. Tangu 1988 jiji la New York linaihesabu miongoni mwa majengo yake ya kihistoria. Na pahali hapohapo, 1884, LaMarcus Thompson alikuwa ameweka reli yake ya kwanza ya burudani. Abiria alilipa senti tano akapelekwa kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Biashara yote ya rola kosta Marekani imekua kutoka kwenye senti tano hizo.

Nilikuja na watoto wa dada yangu, wanaoishi na wazazi wao New Jersey: msichana wa miaka kumi na mmoja na mdogo wake wa kiume wa miaka minane. Kwenye treni huyo mdogo alikuwa ametupangia siku yote, na Cyclone ilikuwa ya kwanza. Kabla ya kufika penye mabehewa tulikuta kipimo, mstari wa inchi 54, yaani sentimita 137, na kando yake binti wa shati la kazi aliyekuwa akimsimamisha kila mtoto aliyemtilia shaka.

Nilitazama namna anavyofanya kazi yake. Kwanza anaangalia viatu. Anamwambia mtoto asogeze visigino mpaka viguse ukuta, kisha atazame mbele, maana mtoto anayetaka kurefuka huinua kidevu, na kidevu kikiinuliwa utosi unarudi nyuma na kipimo kinadanganya. Baada ya hapo anaweka kiganja bapa juu ya kichwa, akibonyeza nywele kidogo, na kukisogeza hadi ukutani. Msichana wetu akapita. Kwa mvulana, kiganja kiligota chini ya mstari kwa upana wa vidole vinne. Binti akachuchumaa hadi macho yao yakawa sawa, akamwambia kwamba kiti hiki bado hakijamtosha, na kwamba yuko kwenye njia ya kukua.

"Mjomba, nimebakiza kidogo tu," mtoto akanigeukia.

"Kidogo hicho ndicho kinachopimwa, mjomba," nikamjibu, nikamtoa pembeni.

Nyuma yetu baba mmoja hakuridhika. Alidai mwanawe alipanda kitu kikubwa zaidi mwaka jana mahali pengine. Akamvua mtoto kofia na kumvalisha tena, akauliza kama soli nene zinahesabiwa, kisha akasema yeye atamshika mwenyewe kwa mkono. Mtoto alikuwa amekodolea macho sakafu. Binti wa langoni hakupandisha sauti wala hakurudi nyuma. Foleni ikawapita wote wawili.

Neno la yule baba, kwamba atamshika kwa mkono, ndilo ninalotaka kulijibu, kwa sababu wazazi wengi wa huko na wa kwetu wanaliamini kwa dhati. Kiti cha Cyclone ni benchi ya watu wawili, na mbele yao inashuka fito moja ya chuma iliyofunikwa kwa sponji. Fito ikiwa ni moja, inakomea palipo na paja nene. Mketishe mtoto mdogo kando ya mtu mzima, fito itakaa sawasawa juu ya mapaja ya mkubwa na kumwachia mdogo pengo. Kwenye mteremko mabehewa yanashuka kwa kasi kiasi kwamba mwili unabaki nyuma: kwa muda mfupi unakuwa kama huna uzito, unanyanyuka kutoka kitini. Mkubwa anarudishwa chini na ile fito. Mdogo hana cha kumrudisha isipokuwa mkono wa baba, na mkono huo wakati uleule unahangaika kumshikilia baba mwenyewe.

Ndiyo maana kinapimwa kimo. Chuma hakijui mtoto amezaliwa lini wala ana moyo mkubwa kiasi gani. Kimo kinamwambia mtengenezaji takriban urefu wa paja, mahali nyonga zitakapokaa, kama miguu itagusa sakafu na kupata pa kujisukumia, kama mikono itaifikia fito. Tena kinakisia na ukomavu wa mtoto: anayefika sentimita 137 kwa kawaida ana miaka tisa au kumi, na akiambiwa asisimame atabaki ameketi hata akiingiwa na hofu. Mtengenezaji huweka kiwango, mwendeshaji anaweza kukiongeza, na katika jiji la New York wakaguzi wa Idara ya Majengo ndio wanaokagua mashine hizi. Namba ile ya ukutani imepita mikono mingi kabla ya kukutana na kisigino cha mtoto.

Nilimwachia mdogo mama yake, dada yangu, aliyekuja nasi na kutungojea kwenye kivuli, nikapanda na msichana. Wazoefu hukimbilia kiti cha nyuma kabisa, kwa kuwa huko mteremko unakuchota kwa nguvu zaidi. Mimi nilichagua katikati ya treni, tena katikati ya behewa, maana viti vilivyo juu ya magurudumu ndivyo vinavyopokea kila mshtuko wa reli. Nilimwambia akae wima, ashike fito kwa mikono miwili, mgongo wake usiachane na kiti.

Mteremko wa kwanza ni furaha tupu, tumbo linapanda kooni na bahari inageuka kuwa ukuta wa buluu. Ukali unaanza chini. Behewa linapokata kona, mwili unataka kuendelea moja kwa moja, na aliye upande wa ndani anamwangukia wa nje kwa uzito wake wote. Kwa hiyo mtu mzima na akae upande utakaomfanya yeye ndiye ukuta kwenye kona nyingi, na kama hajui ni upande gani, amuulize mwendeshaji kabla ya kuketi. Mbao nazo hazitulii. Zimekusudiwa kupinda kidogo treni inapopita, na kila kupinda kunafika kwenye uti wa mgongo. Niliiangalia shingo ya yule msichana, imekaza, kidevu kimeingia ndani kama nilivyomwelekeza, nikaelewa kwa mwili wangu jambo ambalo mstari wa ukutani hauwezi kulieleza: kichwa cha mtoto ni kizito ukilinganisha na kiwiliwili chake, na misuli inayokibeba bado ni michanga. Tuliposimama alicheka mpaka machozi. Halafu akasema kwamba mara moja inatosha kwa leo, nami sikumshawishi arudie.

Pwani hii ilijifunza habari za shingo kwa gharama. Mwaka 1895 Paul Boyton alifungua hapa Sea Lion Park, na ndani yake kulikuwa na Flip Flap, reli iliyomgeuza abiria kichwa chini katika mzingo wa duara kamili. Duara lilikuwa dogo na mabehewa yaliliingia ghafla, hata mwili ukabanwa kwa nguvu inayokadiriwa kufikia mara 12 ya uzito wake. Watu walitoka na maumivu ya shingo na mgongo, na haikudumu miaka mingi. Mzingo ulikuja kupata umbo lililo salama zaidi, mithili ya tone la maji, kwa hesabu za mhandisi Mjerumani Werner Stengel, kwenye reli ya chuma iliyofunguliwa California mwaka 1976. Wahandisi walihitaji miaka themanini kujifunza namna ya kumpindua mtu bila kumvunja. Mzazi anayebishana langoni kwa dakika mbili anabishana na ujuzi wa miaka hiyo yote.

Na kimo pekee hakitoshi. Machi 2022, huko Orlando, Florida, kijana wa miaka 14 alichomoka kwenye kiti cha mnara unaodondosha watu, akafa. Ufupi haukuwa tatizo lake. Alikuwa mzito kupita kiwango cha mtengenezaji, na uchunguzi ulikuta kwamba kifaa cha kiti chake kinachotambua kama fito imefunga kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono, hata mashine ikahesabu kwamba amefungwa salama ilhali pengo lilikuwa kubwa. Mtoto anaweza kuvuka mstari na bado kiti kikamkataa, kwa unene, kwa mgongo unaouma, kwa moyo wenye maradhi, au kwa sababu yeye mwenyewe amesema hataki. Mtoto aliyefika kimo amepata ruhusa ya kupanda. Wajibu wa kupanda hana, na kumcheka mtoto mrefu kwa kuogopa ni kosa lilelile la kumwingiza mfupi kwa hila.

Mdogo wetu hakukaa amenuna. Tulikwenda Wonder Wheel, gurudumu la chuma lililosimama hapa tangu 1920, refu kama mita 45. Baadhi ya vyumba vyake vimetulia, na vingine vinateleza ndani kwa ndani gurudumu linapozunguka. Tulichagua kilichotulia, kwa kura yake. Kutoka juu alituonyesha Cyclone nzima, akahesabu milima yake kwa kidole, akapanga kuirudia atakapofika darasa la tano.

Nilimsimulia habari moja ya mchanga ule tuliokuwa tukiutazama. Kuanzia 1903 hadi 1943 mtu aliyejiita daktari, Martin Couney, alikuwa na jengo lake humuhumu ndani ya viwanja vya burudani, na ndani yake watoto njiti, wamelazwa katika mashine za joto ambazo hospitali nyingi za siku hizo hazikuwa nazo. Wapita njia walilipa senti 25 kuwatazama, na kwa senti hizo wauguzi walilipwa mishahara. Wazazi hawakudaiwa chochote. Moto ulipoteketeza Dreamland, mojawapo ya viwanja hivyo, Mei 1911, watoto wale walitolewa wakiwa hai. Watu wanaweza kulaumu kuwaweka wachanga kwenye maonyesho, na wana haki. Hata hivyo fedha za starehe za wakubwa zilikwenda kulinda miili midogo kuliko yote iliyokuwa pwani, na yule binti wa kwenye kipimo ninamweka katika kazi hiyohiyo.

Nayasema haya nikiwa na viwanja vya kwetu akilini. Siku za Idi, Kariakoo ya Unguja na Makadara ya Mombasa hujaa watoto wa nguo mpya na shilingi za sikukuu mkononi, na miji mingi ya bara sasa ina bustani za bembea za umeme zilizonunuliwa ng'ambo. Katika nyingi nilizopita, kipimo kilikuwa jicho la mwendesha bembea, na jicho hilo lina foleni ndefu mbele yake na tajiri nyuma yake. Mzazi akisisitiza, mtoto anapandishwa. Kaka mkubwa anaambiwa amshike mdogo wake kiunoni, na mashine inaanza kuzunguka.

Kipande cha ubao chenye mstari mmoja wa rangi hakimshindi mwenye bembea yeyote. Kinachohitajika zaidi ni kijana wa langoni ajue kwamba akisema bado, tajiri wake atasimama naye, na mstari uchukuliwe kutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa mashine ile ile, maana kila kiti kina kimo chake. Maafisa wanaotoa vibali vya viwanja wana nafasi ya kulidai hilo kabla ya sikukuu kuanza. Sisi wazazi, wajomba na mashangazi tuna letu pia: kumpima mtoto nyumbani kabla ya kutoka, kumweleza mapema atakachopanda na atakachokiacha, na tukifika pale, kumshukuru aliyemkatalia, mtoto akisikia.