Ahadi ni Deni, Hata kwa Mabingwa



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tafakari yangu inaanzia mahali ambapo huenda wengi hamkupatarajia, yaani katika uwanja wa mpira. Tarehe 26 Julai 2025, mjini Rabat nchini Morocco, timu ya wanawake ya Nigeria, ijulikanayo kwa jina la Super Falcons, ilikutana na wenyeji katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake. Hadi mapumziko Morocco ilikuwa inaongoza kwa mabao 2 kwa 0. Katika kipindi cha pili mabinti wa Nigeria walisawazisha yote mawili, na dakika ya 88 Jennifer Echegini akafunga la tatu. Hivyo Nigeria ikatwaa kombe hilo kwa mara ya 10. Waliporejea nyumbani, Rais Bola Tinubu aliwapokea Ikulu, Abuja, akatangaza kwamba kila mchezaji atapewa fedha zenye thamani ya dola 100,000 za Marekani, pamoja na nyumba.

Watu walishangilia, nami nilifurahi pamoja nao. Hata hivyo, jina la Abuja lilinikumbusha habari nyingine ya timu hiyo hiyo.

Tarehe 3 Desemba 2016, mjini Yaoundé, Nigeria iliifunga Cameroon bao 1 kwa 0 mbele ya mashabiki wa nyumbani, ikawa bingwa wa Afrika. Ni mashindano yale ambayo dada zetu wa Kenya walishiriki kwa mara ya kwanza. Kocha wa Nigeria alikuwa Florence Omagbemi, mwanamke aliyewahi kulitwaa kombe hilo akiwa mchezaji. Mabingwa walipofika Abuja, hawakwenda makwao. Walibaki hotelini pamoja na kombe lao, wakidai posho na marupurupu waliyoahidiwa. Baadaye walishika mabango wakaandamana hadi kwenye Bunge la nchi yao. Ndipo wakalipwa, Desemba hiyo hiyo.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2004, baada ya kuishinda Cameroon mabao 5 kwa 0 katika fainali iliyochezwa Afrika Kusini, mabao manne yakiwa ya Perpetua Nkwocha peke yake, wachezaji wa Nigeria walikataa kuondoka hotelini huko huko ugenini mpaka wapewe haki yao. Na tusidhani kwamba ni ugonjwa wa nchi moja. Afrika Kusini ilikuwa bingwa wa mwaka 2022. Mwaka uliofuata, kabla ya kwenda kwenye Kombe la Dunia, wachezaji wake walidai mapatano ya malipo yaliyoandikwa, wakagoma kucheza mechi ya kirafiki na Botswana. Wakatafutwa wengine kwa haraka, nao wakafungwa mabao 5 kwa 0. Mzozo ulitulia baada ya taasisi ya hisani ya familia ya Motsepe kutoa fedha. Yaani, ili mabingwa wa bara zima wapate mapatano ya haki, ilibidi mhisani ajitokeze.

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapotaka tutafakari. Zawadi ni kitu kimoja, na haki ni kitu kingine. Zawadi ya Ikulu ilikuwa nono, na anayeitoa anastahili shukrani. Lakini zawadi hutegemea moyo wa mtoaji: leo anayo, kesho hana, leo mmeshinda, kesho mmeshindwa. Ujira uliopatanwa hautegemei hisia za mtu. Wahenga wetu walisema ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema kwamba dawa ya deni ni vigelegele.

Tukumbuke mfano wa Bwana wetu katika sura ya 20 ya Injili ya Mathayo, juu ya mwenye shamba la mizabibu. Mara nyingi tunautazama ukarimu wake kwa wale walioajiriwa saa ya mwisho, nasi twafanya vema. Lakini tutazame pia utaratibu wake. Asubuhi alipatana na wafanyakazi juu ya dinari moja. Jioni ilipofika, hakungoja kesho, akaamuru walipwe. Wale wa kwanza walipata kile walichopatana, bila kupungua hata kidogo. Ukarimu wake haukula haki ya mtu. Ulijengwa juu ya haki iliyokwisha kutimizwa. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kwa kufuata Maandiko, inahesabu kumdhulumu mfanyakazi ujira wake miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni. Imewekwa pamoja na damu ya Abeli. Si jambo dogo.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia nyingine, alinijia binti aliyekuwa akifanya kazi za ndani. Alikuwa hajalipwa kwa miezi mitano. Nilipozungumza na mama mwenye nyumba, mtu wa sala na mwenye bidii katika jumuiya, alishangaa kwa dhati. "Baba Paroko," alisema, "huyu ni kama mwanangu. Anakula tunachokula. Noeli nilimshonea gauni." Sikuwa na shaka juu ya gauni. Nilimwuliza tu, "Mama, mlipatana shilingi ngapi kwa mwezi?" Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, na deni likalipwa kwa awamu mbili. Gauni lilikuwa zawadi njema, lakini halikuwa mshahara.

Wako watakaosema kwamba wachezaji wanapaswa kuwa na uzalendo, na kwamba katika Kanisa tunapaswa kujitolea. Ni kweli, na Kanisa lingekufa pasipo wanaojitolea. Lakini sadaka huitoa mwenye mali. Anayezuia ujira wa mwenzake kisha akauita sadaka, ametoa sadaka kutoka mfukoni mwa mtu mwingine. Na mara nyingi wanaotolewa sadaka namna hiyo ni akina mama na mabinti, kwa sababu tumezoea kuwasifu kwa uvumilivu. Tunawasifu, wanavumilia, wanavumilia, tunazidi kuwasifu. Sifa hazilipi kodi ya nyumba wala karo ya shule.

Basi, kila mmoja aanzie kwake. Mwenye msaidizi wa nyumbani afungue daftari lake. Mwenye duka amtazame kijana anayemfungulia mlango alfajiri. Nasi viongozi wa parokia tuangalie posho za makatekista wa vigangoni, wanaotembea kwa miguu kila Dominika ili kuongoza ibada mahali ambapo padre hufika mara moja kwa mwezi. Tuangalie na akina mama walioahidiwa malipo kwa kutupikia siku za sherehe. Palipo na mapatano, yatimizwe kabla mwezi huu haujaisha. Pasipo na mapatano, yafanywe, tena yaandikwe. Baada ya hapo, anayetaka kushona gauni na ashone, nalo litapendeza zaidi.

Mungu Baba, aliye mwenye haki na mwenye rehema, atujalie mikono isiyolala na mali ya wenzetu. Nawatakieni Dominika njema.

Paroko wenu