Imeondoka Bila Kuaga

Shuleni tulifunzwa kuiita kipakatalishi. Neno la kupendeza, sikatai: limetoka kwenye kupakata, vile unavyomweka mtoto mapajani akatulia. Lakini laptopu nyingi huvuta hewa kupitia matundu ya chini, halafu huitema ubavuni au kwa nyuma. Ukiipakata kama neno linavyotaka, umeiziba pua. Huku Likoni sijasikia mtu akilitumia neno hilo nje ya darasa. Kwetu ni "mashine" tu, kwa sababu ndiyo mashine pekee tuliyo nayo, ukitoa mbuzi ya kukunia nazi.

Mashine yenyewe ni ex-UK, yaani ilishamaliza ujana wake ofisini kwa watu kabla ya kuletwa huku. Mamangu aliichukulia mkopo kwenye chama chao: shilingi 28,000, kulipa 2,500 kila mwezi kwa miezi 12. Yeye hukaanga mahamri. Mimi hunukuu sauti: watu wa ng'ambo hurekodi mikutano na mahojiano yao, nami nasikiliza na kuandika neno kwa neno. Malipo huhesabiwa kwa dakika ya sauti, si kwa dakika ya jasho. Saa moja ya sauti inaweza kukula saa zako tano, na ukichelewa kazi inapewa mwingine, nyota zako zinashuka. Nyota zikishuka, kazi nzuri huzioni tena.

Januari, tukiwa bado na miezi saba ya mkopo, ikaanza kuzima. Haikuganda, wala haikuleta ile skrini ya bluu. Puu, giza. Unabaki ukijitazama kwenye kioo cheusi na vipokea sauti masikioni kama DJ aliyekatiwa stima.

Windows huweka kumbukumbu ya matukio, na nilipoifungua nikakuta mstari mmoja ukijirudia: Kernel-Power, 41. Ukiutafuta maana, unakuta hauna siri yoyote. Unasema tu kwamba kompyuta ilizima bila kufuata utaratibu wa kuzima. Imeondoka bila kuaga. Sababu haisemi.

Fundi wa kwanza yuko mjini, kwa hiyo nikavuka feri. Anayevuka kwa miguu halipi, lakini ukiwa umekumbatia begi kifuani katikati ya umati ule, unalipa kwa njia nyingine. Yule jamaa aliiwasha, akaisikiliza feni sekunde kama kumi, akatikisa kichwa: "Madabodi hiyo, dadangu. Elfu kumi na nne." Hakuifungua. Nikamuuliza amejuaje. Akasema ni uzoefu. Wa pili, mlango wa tatu kutoka hapo, akasema ni Windows imeharibika, aweke formati kwa 1,500.

Nikarudi nyumbani na maneno mawili ambayo hayawezi yote kuwa kweli. La formati lilikuwa rahisi kulipima. Niliazima flashi yenye Ubuntu, nikaiwasha mashine kwa hiyo flashi bila kuigusa Windows kabisa. Nikacheza video, nikafungua kurasa nyingi. Dakika ishirini na kitu, puu. Basi si Windows. Nimeokoa 1,500 bila hata kupanda matatu.

La madabodi lilinisumbua zaidi, maana madabodi ni kama mtu kukwambia "ni damu". Utabisha na nini? Kwa hiyo nikaanza kuangalia tabia. Mchana inazima haraka, usiku inakaa. Ikizima, ukiipumzisha dakika kumi inawaka vizuri, ukiilazimisha hapo hapo inazima tena. Iwe kwenye chaji, iwe kwenye betri, ni mamoja. Nikaweka programu ya bure inayosoma joto la prosesa, na daftari pembeni. Ikiwa haifanyi lolote: nyuzi 71. Nikicheza sauti huku nikiandika: 88, 93. Halafu mwendo unashuka, herufi zinachelewa kutokea, kwa sababu prosesa yenyewe hujipunguzia kasi ili ipoe. 97. 99. Giza.

Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100. Joto likizidi, mashine haisubiri uhifadhi faili, inakata umeme isiungue. Kwa hiyo kuzima kwenyewe haukuwa ugonjwa. Mashine ilikuwa inajiokoa na kitu, na swali likawa ni kitu gani.

Sehemu ya jibu ilikuwa kaskazi. Wanaokuja Pwani kwa likizo huliita joto la ufuo na kulilipia. Sisi tunalala nalo. Chumba chetu saa nane mchana kinafika nyuzi 33, na feni ya laptopu haitengenezi baridi, inahamisha hewa tu. Ikivuta hewa ya moto, inapuliza hewa ya moto zaidi. Niliinua nyuma ya mashine kwa vifuniko viwili vya soda ili ipate nafasi ya kupumua, na kwenye mipangilio ya umeme nikashusha uwezo wa juu wa prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Inasikika kama mzaha, asilimia moja, lakini kwenye mashine nyingi hiyo moja ndiyo inayoizuia prosesa isijirushe kwa ile kasi yake ya ziada. Nikapata 91 badala ya 99. Nikamaliza kazi moja. Lakini 91 bado ni homa, na jirani mwenye mashine karibu sawa na yangu, chumba kile kile cha mabati, alikuwa akisoma 70.

Fundi wa tatu simjui jina, na hata ningelijua nisingeliandika. Ana meza barazani mwa duka la mtu, upande wetu huu huu wa kivuko. Nilimwonyesha daftari. Akalisoma lote, kisha akasema, "Tufungue tuone," akaifungua mbele yangu.

Ndani kuna mrija bapa wa shaba unaobeba joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye vibati vyembamba vilivyopangwa kama meno ya kitana, na feni hupuliza kati ya hivyo vibati. Alipoitoa feni, vibati havikuonekana. Kulikuwa na kitu kama kipande cha blanketi, kijivu, kimeshikana. Akakibandua kwa kibanio, akakisugua kati ya vidole, akakinusa.

"Haya si mavumbi matupu," akasema. "Kwenu nani anakaanga?"

Nyumba yetu ni chumba kimoja, na pazia katikati. Upande mmoja kitanda na mashine, upande wa pili meko ya gesi na karai. Saa kumi alfajiri mamangu huwa ameshaanza, na mara nyingi mimi ndiyo nakaribia kumaliza kazi ya usiku. Miezi mitano feni imekuwa ikivuta moshi wa mafuta, na mafuta yakikaa, kila uzi wa vumbi unanasa.

Aliishikilia feni kwa kijiti cha meno isizunguke, akapuliza, akasugua kwa brashi ya rangi. Pesti iliyo kati ya prosesa na shaba ilikuwa imekauka ikawa kama chaki. Akaifuta kwa spiriti, akaweka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Akakagua betri kama imevimba. Haikuvimba. Shilingi 1,200.

Njia nzima nilikuwa nikiwaza nitasemaje. Mamangu alikuwa akiuliza kila siku imeonekana na nini. Mahamri ndiyo yaliyoinunua, na mahamri ndiyo yaliyokuwa yakiiziba. Ningeweza kusema "vumbi" na ingekuwa kweli nusu. Lakini baada ya miezi mitano ingerudi pale pale, na asingejua kwa nini.

Nikamwambia. Akanyamaza, akakitazama kile kiblanketi ambacho fundi alinifungia kwenye karatasi.

"Kumbe," akasema. "Miezi yote hii inakula kwangu na hailipi."

Kuhamia uani hakuwezekani, mwenye nyumba hataki meko pale. Kuhamisha saa zake pia hapana, wateja wa mahamri ni watu wa feri ya alfajiri. Kwa hiyo zimehama saa zangu. Naanza saa mbili usiku, na ikifika saa kumi kasoro dakika tano, pazia linafunguka.

"Ngapi?"

"Sabini na nne."

"Haya, zima. Ifunike."

Natandaza kanga juu ya mashine baridi, naenda kusukuma unga. Imebaki miezi minne ya mkopo, na herufi R imeanza kukataa.