Diski za freni zilizokwisha: kuchonga ao kubadilisha?

Bunia. Shofa mmoja wa taksi anayeshuka Kasenyi kila wiki, akibeba wachuuzi wa samaki na familia zilizokimbia vita, aliona usukani unatetemeka kila alipokanyaga freni. Jumatatu akaipeleka gari garaji.

«Papa, uzichonge tu hizi diski. Kununua mpya ni pesa nyingi,» aliomba.

Fundi akachukua kipimo: milimita 20,6. Kwenye diski kiwanda kimeandika mwisho wake: 20.

«Nikichonga pande zote mbili, itashuka chini ya 20. Ingekuwa na 22, ningekuchongea, mwanangu. Hii hapana.»

Diski nyembamba inapata moto haraka. Mteremko mrefu baada ya Bogoro, kuelekea ziwa Albert, unachosha freni. Mafuta yake yakichemka, pedali inazama na gari haisimami.

Pesa aliyokuwa nayo ilikuwa ya masomo ya watoto. Gari ikalala siku tatu. Akakopa kwa mkubwa wake, akanunua diski mbili za mbele pamoja na plaketi mpya.

Ijumaa akashuka Kasenyi, gari imejaa. Abiria walipiga masimulizi mpaka ziwani, wengine wakasinzia.