Kabla hujanunua kichujio cha tangi la samaki

Siku hizi si ajabu kupiga hodi nyumbani kwa mtu mjini, na kabla hujaketi ukaonyeshwa samaki. Wamo katika tangi la vioo kando ya televisheni, wekundu kwa wa manjano, na watoto wa nyumba hiyo wanakutajia majina yao mmoja baada ya mwingine. Ukirudi baada ya mwezi unakuta tangi limekauka, limejaa vitabu vya shule. Ukiuliza, unajibiwa, "Walikufa tu, hata hatujui walikufa kwa nini."

Mara nyingi samaki hao wameuawa na choo chao wenyewe. Niwie radhi kulitaja jambo hilo Jumapili, pengine uko mezani, lakini hakuna njia ya kuzungumzia vichujio bila kulitaja.

Samaki aliye ziwani ana maji mengi yasiyo na mwisho. Katika tangi la lita 40, choo chake na chakula kilichobaki huoza na kutoa amonia, harufu ile ile inayokuchoma pua ukiingia banda la kuku lisilofagiliwa. Amonia humwunguza samaki mashavu, akashindwa kupumua. Hata hivyo, wapo bakteria wanaoila amonia na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu; kisha wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa mradi unabadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hawa hupenda kushikamana na kitu: changarawe, mawe, na hasa kichujio, ambapo maji yenye hewa hupita usiku na mchana. Kichujio basi ni nyumba yao. Kung'arisha maji ni kazi yake ya pili.

Hayo muuzaji hakuniambia. Aliloniuliza duka la kwanza niliingia hapa Nairobi ni kama nataka cha bei nafuu au nataka kizuri.

Nami nilikuwa na sababu ya kutofanya haraka. Mama yangu alikuwa amehamia kwetu kutoka mashambani baada ya baba kufariki. Sisi tulikuwa kazini, watoto shuleni, naye anashinda peke yake sebuleni akitazama ukuta. Televisheni ilimkera, akisema watu wa humo wanapiga kelele bure. Tangi lile lilikuwa lake. Sasa niambie, msomaji, utamnunulia mjane viumbe vya kumfia mikononi tena, mwaka ule ule aliozika mumewe?

Kichujio alichokisifu sana muuzaji ni kile cha mkebe, kinachokaa chini ya meza na kuvuta maji kwa mipira miwili. Ni kizuri, sikatai, kwa mwenye tangi kubwa. Lakini hebu fikiria stima ikipotea. Maji yaliyofungiwa mkebeni husimama, bakteria walio humo humaliza hewa na kuanza kufa, na stima ikirejea baada ya saa nyingi pampu huwamwagia samaki ule uozo wote. Nasi Wakenya twaijua stima yetu. Mnamo Agosti 25, 2023 giza lilifunika karibu nchi nzima, na haikuwa mara ya mwisho mwaka huo.

Kuna kile cha kuning'inizwa ukingoni mwa tangi. Hiki ni rahisi kukifikia, na wengi wanakitumia bila shida. Ila baadhi yake, stima ikirudi, haviwezi kuvuta maji vyenyewe mpaka mtu avijaze kwa kikombe. Mota huzunguka pakavu hadi ikaungua. Nani angekijaza saa nane mchana? Tena maagizo ya kasha mara nyingi hukwambia utupe kile kijaluba cha ndani kila mwezi na kununua kingine. Ukikitupa umetupa sehemu kubwa ya bakteria uliowangojea kwa wiki nyingi, na muuzaji amepata mteja wa kudumu.

Wafugaji wa zamani walipenda bamba lenye matundu linalolazwa chini ya changarawe. Hufanya kazi, lakini uchafu hujikusanya chini yake, na siku ya kulisafisha vizuri unabomoa nyumba nzima.

Nilichochagua mimi ni cha sponji. Hakina sura ya kuvutia: ni kipande cha sponji kilichovikwa bomba la plastiki, kimeungwa kwa mpira mwembamba na pampu ya hewa iliyo nje ya tangi. Hewa ikipanda ndani ya bomba huyavuta maji kupitia sponji, bakteria wakala, na wakati huo huo maji yakapata hewa. Mama alipokiona mara ya kwanza alicheka, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia kwa miezi, akasema, "Mwanangu, hii ni sufuria inayochemka bila moto."

Pampu ndogo ya wati 3, ikiwashwa mchana na usiku, hutumia kama uniti 2 za stima kwa mwezi. Sponji haifyonzi vitoto vya samaki, na samaki aina ya gapi huzaa kweli kweli! Stima ikipotea, sponji haijafungiwa mkebeni. Inabaki katika maji yale yale ya samaki. Stima ikirudi, mapovu yanaanza yenyewe. Tuliongeza kipampu cha betri kwa usiku wa giza refu.

Kina ila zake. Pampu huvuma; iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa. Iwe juu kuliko maji ya tangi, au mpira wake uwe na vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma, maana stima ikikatika maji yanaweza kushuka kwa mpira mpaka kwenye pampu. Na usitarajie maji kumetameta kama yaliyo dukani. Kwangu mimi hilo ni dogo.

Sponji usiioshe kwa maji ya bomba. Maji ya jiji hutiwa klorini ili sisi tusiugue, na klorini hiyo huwaua bakteria wa kichujio. Mama huchota maji ya tangi katika beseni, huikamua sponji humo mara mbili tatu na kuirudisha. Maji meusi yanayobaki huyamwagia sukuma wiki yake iliyo kwenye gunia kule nyuma, na majani yake hayana mfano katika ploti hii. Maji mapya anayoongeza, kama robo ya tangi, huwa yametiwa dawa ya kuondoa klorini kutoka duka la samaki.

Lililomshinda muuzaji kuelewa ni kwa nini nilinunua samaki wawili tu siku ile. Bakteria huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuenea, na wakati wa baridi, kama Julai hapa Nairobi, huchelewa zaidi. Wiki hizo lisha kidogo, badilisha maji mara kwa mara, na umwambie mtoto anayelilia samaki kumi kwamba watakuja. Na kama moyo wako uko kwa samaki wa dhahabu, tafuta tangi kubwa kwanza. Wanakua, wanachafua sana, na hakuna kichujio kitakachowaokoa ndani ya bakuli.

Ipo njia ya mkato. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la muda mrefu lisilo na ugonjwa, mwombe sponji yake iliyotumika, uiweke tangini mwako siku hiyo hiyo. Mama sasa huweka sponji ya pili tangini kwa ajili hiyo. Majirani wawili wameshapewa, kila mmoja akaondoka nayo ndani ya kopo lililojaa maji ya tangi, isije ikakauka njiani.