Shira ya mchaichai, toleo 1.0

Haya jamani, leo tunaweka kando programu na hifadhidata. Leo ni sufuria. Lakini msikimbie, mtaona mambo ni yale yale.

Hapa kwetu Kisauni, mgeni akiingia nyumbani hakosi glasi ya kinywaji cha Mama: shira ya mchaichai na tangawizi, ndimu, maji baridi. Shira ni ile ile ya kaimati, yaani sukari na maji vilivyochemshwa pamoja, ila hii inatiwa majani yanukie. Mchaichai wenyewe uko uani, kando ya bomba.

Mwaka jana Mama aliambiwa ana kisukari. Akaniita jikoni: "Mwanangu, hii sasa utapika wewe. Mimi nikiishika nitaonja."

Nikamuuliza vipimo. "Sukari kiasi, maji kiasi, mpaka iwe sawa." Mnaoandika programu mnajua uchungu wa kupewa kazi kwa maelezo kama hayo! Nikanunua mizani ndogo ya jikoni, nikafungua jedwali kwenye kompyuta, nikaanza.

Toleo 0.1. Kilo moja ya sukari, nusu lita ya maji, mchaichai ukachemka humo nusu saa nzima. Harufu yote ilihamia sebuleni, ndani ya sufuria ikabaki ladha ya nyasi kavu. Kumbe kinachonukia kwenye mchaichai ni mafuta mepesi yanayoruka na mvuke. Asubuhi nafungua friji, chini ya chupa kumejaa chembe kama vioo.

Mama akachungulia. "Umetia ndimu?"

"Sikutia, Mama. Nilidhani ni ya ladha tu."

"Basi ndiyo maana imefanya mchanga."

Nikaenda kusoma. Maji ya joto la kawaida hubeba sukari yapata mara mbili ya uzito wake, na yakipoa hubeba pungufu. Mimi nilikuwa nimejaza mpaka ukingoni. Ndimu ikichemka pamoja na sukari, asidi yake huvunja sehemu ya sukari hiyo kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko wa namna hiyo hauji kuganda kwa urahisi. Mama hajawahi kusikia neno fruktosi. Lakini ule mstari niliouona hauna kazi nikaufuta, ndio uliokuwa umeshikilia programu nzima. Nani kati yetu hajawahi kufanya hivyo?

Toleo 0.2. Sukari na maji uzito sawa, gramu 500 kwa 500. Chembe hazikuonekana tena. Ila nikajitia ujuzi, nikachemsha na nanaa. Ikageuka rangi ya matope, ladha mchicha uliolala. Majani laini hayataki moto mrefu: joto huharibu ule ukijani wake. Halafu nikasahau chupa mezani siku kadhaa. Kwa joto letu la pwani, nilipofungua kizibo ikatoa povu na harufu ya mnazi. Katika nyumba yetu huo si mzaha! Shira nzito hustahimili vijidudu kwa sababu sukari imeyakamata maji. Nyepesi kama hii lazima ikae kwenye friji.

Toleo 1.0. Hili hapa, limejaribiwa:

- Maji gramu 500, sukari gramu 500
- Mabua 6 ya mchaichai, yapondwe kidogo
- Tangawizi ukubwa wa kidole gumba, ikatwe vipande
- Ndimu nusu

Chemsha maji na tangawizi dakika 10, sufuria ikiwa imefunikwa. Tia sukari, koroga mpaka iyeyuke, zima moto. Sasa ndipo utie mchaichai, ufunike, uache nusu saa. Chuja, kamulia ndimu, mimina kwenye chupa iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka. Weka kwenye friji, uimalize ndani ya wiki mbili. Hapa ndimu kweli ni ya ladha tu. Ukitaka shira nzito ya kaimati, ichemshe pamoja na sukari. Ukipenda nanaa, itie moto ukishazimwa, uitoe baada ya dakika 15.

Nilidhani nimemaliza. Lakini namba zikishakuwa kwenye jedwali huwa hazinyamazi. Sisi tulizoea kumimina vidole viwili vya glasi. Nikapima: mililita 60. Kwa shira hii nyepesi hizo ni takriban gramu 37 za sukari, kama vijiko tisa vya chai. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani karibu gramu 25 kwa mtu mzima. Glasi moja tu! Na shira ya Mama ilikuwa nzito kuliko yangu. Na kila mgeni alipokunywa, naye alikunywa, ili asimwache mgeni peke yake.

Nilikaa na hilo usiku mzima. Kisha nikaona kosa lilikuwa la mpangilio: harufu na utamu tulikuwa tumevifunga kwenye kigezo kimoja. Ukitaka mchaichai zaidi, unaongeza shira, na sukari inakuja nayo. Nikavitenganisha. Sasa kuna chupa mbili kwenye friji. Moja ni shira. Ya pili ni mchaichai na tangawizi vilivyolowekwa kwenye maji moto, vikali kweli kweli, bila sukari hata chembe.

Juzi jirani alikuja. Yake nikatia shira, mililita 20. Ya Mama nikamimina kutoka chupa ya pili, nikakamulia ndimu, nikatia na barafu. Akanusa kwanza, kama anavyonusa siku zote. Akanywa.

"Imepungua kitu," akasema.

"Najua, Mama."

Akainyosha glasi. "Tia tena."