Imefika au Haijafika?

Mimi ni kijana niliyeishia kidato cha nne, na riwaya ninayo. Naiandika kwenye kompyuta ya steshenari moja hapa Mwanza, jioni wateja wakipungua. Mwenye duka ananiruhusu kwa sababu mchana nawachapia watu barua na wasifu wao. Kompyuta si yangu, na flashi zetu hizi unazijua, zinabeba virusi kama daladala inavyobeba abiria. Kwa hiyo riwaya yangu haikai Mwanza. Inakaa kwenye seva ya mbali, katika nchi nisiyojua hata mvua yake hunyesha lini.

Basi kila jioni tunaagana kwenye kile kidirisha kidogo cha kuhifadhi faili. Wengi hawakitazami mara mbili. Mimi nimekitazama sana, na nina ugomvi nacho.

Kwanza, kinaficha umbali. Folda iliyomo ndani ya mashine na folda iliyoko ng'ambo zimechorwa kwa picha ileile ya jalada la njano, zimepangwa pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Kumbe ya ndani inafunguka papo hapo, lakini kwa ya mbali lazima ombi lisafiri mpaka kwenye seva na jibu lirudi. Mtandao ukilegea dirisha lote linaganda. Mteja anabonyeza tena na tena, halafu ananigeukia mimi, kana kwamba ni mganga aliyeshindwa kazi. "Mwanangu, imefika au haijafika?" aliniuliza mwalimu mmoja mstaafu. Jamani, swali ni hilo tu, na kidirisha hakina jibu!

Pale mwaloni Kirumba mtu akituma mzigo kwenda Ukerewe, anataka kujua mambo matatu: umepakiwa, chombo kimeondoka, umepokelewa. Hakuna anayechanganya kupakiwa na kupokelewa. Kidirisha nacho kingesema hivyo: sura yako imeandikwa hapa, sasa inasafiri, imefika saa mbili na dakika kumi. Majina ya folda yangetokea moja moja kadiri majibu yanavyoingia, na kitufe cha kusitisha kingesitisha kweli, si pambo. Halafu nakala ya zamani isiguswe mpaka mpya ifike nzima. Hili mafundi wanalijua siku nyingi: programu inaandika nakala mpya pembeni kwa jina la muda, ikikamilika ndipo inachukua jina la ile ya zamani. Umeme ukikatika katikati, unabaki na ya jana. Kwa mwandishi, ya jana si haba.

Watu watasema shida ni Kiingereza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ile ilikuwa kazi ya heshima. Lakini kwangu tafsiri ni nusu ya safari. "Seva haijibu" ni ukuta hata ukiwa wa Kiswahili. Niambie: sura yako bado iko hapa, haijafika, nijaribu tena?

Mzee wetu Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano! Nikikumbuka hivyo, ndiyo maana sipendi kabisa kuulizwa na mashine maswali ya kijinga kuhusu maandishi yangu.

Na la kijinga kuliko yote ni hili: nikiandika mtandao ukiwa umekata, kesho yake nakuta nakala mbili za sura ya saba, na kidirisha kinauliza, "Faili lipo tayari. Libadilishwe?" Ndiyo au Hapana. Libadilishwe lipi kwa lipi? Wangenionyesha saa, idadi ya maneno, na sentensi ya mwisho ya kila nakala, nami ningejua palepale. Katika moja Sabina ameshapanda meli ya Nansio. Katika nyingine bado yuko gatini, ameshika tiketi.